Kondo la nyuma huanza kazi kabla mama hajafika kliniki

Mtoto akishatoka na kulia, macho yote katika chumba cha kujifungulia humgeukia yeye. Mama huuliza kama ni mvulana au msichana, nyanya aliye nje ya mlango hupiga vigelegele, na hakuna anayejali kile kinachofuata isipokuwa mkunga. Yeye bado ana kazi. Anangoja kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio, litoke. Likishatoka halitupi mara moja. Hulitandaza kwenye sinia, hulipangusa damu, kisha hulikagua upande huu na upande ule.

Kwa wengi wetu hicho ni kipande cha nyama ambacho hakina faida tena. Hata hivyo, wazee walikiheshimu. Katika jamii nyingi za Kenya kondo lilizikwa, na bado huzikwa, karibu na nyumba. Wajaluo, ambao huliita biero, hutambua kwao mtu kwa mahali biero yake ilipozikwa. Heshima hiyo ina msingi, kwani kwa muda wa miezi tisa kondo ndilo lililokuwa mapafu, figo na utumbo wa mtoto. Tena ni kiungo cha pekee cha mwili ambacho huundwa, hukua, huzeeka na kutupwa katika muda usiofika mwaka mmoja.

Jambo ambalo akina mama wengi hawajaelezwa ni kwamba seli zinazojenga kondo hazifanyi kazi ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Hubadilika jinsi mimba inavyokua. Kuna kazi ya wiki za kwanza, kuna kazi inayokwisha karibu na mwezi wa tano, na kuna kazi ya miezi ya mwisho. Kazi ya mwanzo ikiharibika, ubaya wake hauonekani papo hapo. Huja kujitokeza mwezi wa saba au wa nane, mama anapoumwa na kichwa, kuona vimulimuli na kuvimba uso. Wakati huo hakuna dawa inayoweza kurudi nyuma na kurekebisha kilichokosewa miezi minne iliyopita. Ndiyo sababu wauguzi hukasirika wakimwona mja mzito akifika kliniki kwa mara ya kwanza tumbo likiwa limekwisha kuwa kubwa.

Seli zinazotangulia

Yai la mama likikutana na mbegu ya baba ndani ya mrija wa uzazi, huwa seli moja. Seli hiyo hujigawa zikawa mbili, nne, nane na kuendelea, huku zikisukumwa polepole kuelekea kwenye mji wa mimba. Kufikia siku ya tano hivi, zimekuwa kifuko kidogo mno chenye maji ndani. Hapo ndipo seli za binadamu hugawana kazi kwa mara ya kwanza. Kundi dogo lililo ndani ya kifuko litakuwa mtoto. Zile za nje, zinazokizunguka kifuko kama ganda, zitakuwa kondo. Wataalamu huziita trofoblasti.

Kwa hivyo kondo hutangulia. Kabla mtoto hajawa na moyo wala uti wa mgongo, seli za kondo zimekwisha jitenga na kujua kazi yake. Jambo jingine ambalo huwashangaza watu ni kwamba kondo si kiungo cha mama. Limetokana na yai lile lile lililomfanya mtoto, na nusu ya urithi wake umetoka kwa baba. Msomaji alikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Siku ya sita au ya saba baada ya yai kutungishwa, kifuko hujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Mara tu kinapougusa, baadhi ya trofoblasti hufanya jambo la ajabu. Huondoa ngozi zilizokuwa zikizitenganisha na kuungana zikawa kitu kimoja chenye viini vingi. Ni kama nyumba ya kupangisha yenye vyumba hamsini ambayo mwenyewe amebomoa kuta zote za ndani na kuacha ile ya nje peke yake. Utando huu usio na mipaka ndani yake ndio utakaogusana na damu ya mama muda wote wa mimba. Kwa kuwa hauna nafasi kati ya seli na seli, vijidudu vingi hukosa mwanya wa kupenya.

Mwaka wa 2000 watafiti wa Marekani na Ufaransa walieleza protini inayoziwezesha seli hizi kuungana, wakaiita sinsitini. Ilipochunguzwa ilionekana kwamba jeni inayoitengeneza asili yake ni virusi. Mamilioni ya miaka iliyopita virusi hivyo viliwaambukiza viumbe tuliotokana nao, vikajiingiza katika urithi wao na kubaki humo. Virusi vilikuwa vikiitumia protini ya aina hiyo kujiunganisha na seli ili viingie ndani. Sasa kondo linaitumia kujijenga, na bila ya mgeni huyo wa zamani huenda hakuna mmoja wetu ambaye angezaliwa.

Utando huu una udhaifu mmoja. Hauwezi kujigawa ili ukue. Chini yake kuna seli nyingine za trofoblasti ambazo hazijaungana, na hizo ndizo hujigawa na kuulisha utando kwa seli mpya. Mkulima angeziita kitalu cha miche. Wiki za kwanza kitalu hiki huwa kimejaa, seli zimepangana bega kwa bega. Kadiri mimba inavyokua, eneo la kondo hupanuka sana na seli za kitalu huonekana zimetawanyika, moja hapa na moja kule. Vitabu vya zamani vilisema kwamba huisha kabisa. Walipokuja kuhesabiwa kwa makini ilibainika kwamba haziishi, ila zimesambaa mahali pakubwa.

Utando ndio pia kiwanda cha homoni. Ile inayoitwa hCG, ambayo kipimo cha mkojo huitafuta mwanamke anapotaka kujua kama ana mimba, hutoka hapo. Kazi yake ni kuiambia ovari iendelee kutoa projesteroni ili hedhi isije ikaing'oa mimba. Kati ya wiki ya 7 na ya 9, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kondo huwa limekomaa kiasi cha kujitengenezea projesteroni yake. Baada ya hapo hCG hufika kilele na kuanza kushuka. Hata kichefuchefu cha asubuhi kina mkono wa kondo ndani yake. Mwaka wa 2023 watafiti walionyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, ambayo hutoka kwa wingi kwenye kondo, ndiyo huamsha kutapika kwa waja wazito wengi, hasa wale ambao miili yao haikuizoea kabla ya kushika mimba.

Kufunga mifereji, kisha kuipanua

Watu wengi hudhani kwamba mara mimba ikishashika, damu ya mama huanza kumlisha mtoto. Sivyo. Katika miezi miwili na nusu ya kwanza, damu ya mama karibu haifiki kwenye kondo kabisa, na kinachoizuia ni seli za kondo lenyewe.

Kutoka kwenye ncha za vijitawi vya kondo huchomoka kundi la tatu la trofoblasti. Hizi haziungani na wenzake wala hazibaki kwenye kitalu. Ni za kuhama. Hupenya ukuta wa mji wa mimba hadi zifikie mishipa ya damu ya mama iliyojisokota kama kizibuo, na zikifika huiziba midomo. Kwa muda huo kiinitete huishi kwa majimaji yenye lishe yanayotoka kwenye tezi za mji wa mimba, na hewa ya oksijeni anayopata ni kidogo. Wataalamu wanaona kwamba hii ni hifadhi. Oksijeni nyingi huzaa sumu ndani ya seli, na huu ndio wakati ambao moyo, ubongo na viungo vinaumbwa.

Kati ya wiki ya 10 na ya 12 vizibo hulegea na damu ya mama huanza kuingia. Vipimo vimeonyesha kwamba oksijeni kwenye kondo huongezeka takriban mara tatu kati ya wiki ya 8 na ya 12. Vijitawi vya kondo sasa vinaning'inia ndani ya damu ya mama kama mizizi ya mikoko wakati wa maji kujaa. Damu ya mama hupita nje ya vijitawi, ya mtoto hupita ndani, na hazichanganyiki.

Kazi kubwa zaidi ya seli zinazohama ilielezwa vizuri mwaka wa 1967 na Ivo Brosens wa Ubelgiji pamoja na wenzake. Walichunguza mishipa iliyo chini ya kondo na kuona kwamba imebadilika umbo. Mshipa wa kawaida wa ateri una misuli kwenye ukuta wake, na misuli hiyo inaweza kuubana wakati wowote, kwa mfano mtu akishtuka. Trofoblasti huiondoa misuli hiyo na kukaa mahali pake. Mshipa uliokuwa mwembamba hupanuka mdomoni kama tarumbeta na hauwezi tena kujibana. Damu huingia kwa wingi lakini kwa upole, bila kuvipiga vijitawi kwa nguvu. Mimba inapokaribia kukomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika.

Ujenzi huo hukaribia kukamilika wiki ya 20, yaani mwezi wa tano. Wengi wa akina mama wetu wanapofika kliniki mara ya kwanza, mafundi wamekwisha kusanya vyombo vyao na kuondoka.

Seli hizi zinafanana kwa kiasi fulani na za saratani. Huhama, hupenya nyama ya mtu mwingine na hujificha kutoka kwa askari wa mwili wa mama. Tofauti ni kwamba zinajua pa kukomea. Kwa kawaida hufika theluthi ya kwanza ya misuli ya mji wa mimba na kusimama. Kinachozisimamisha ni pamoja na utando wa ndani wa mji wa mimba, na pale penye kovu la upasuaji utando huo huwa umeharibika. Kondo likijishikiza juu ya kovu, seli zinaweza kupita mpaka, na siku ya kujifungua kondo likakataa kubanduka. Damu inayotoka hapo inaweza kumuua mama kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo, mama aliyewahi kuzaa kwa upasuaji amweleze muuguzi tangu siku ya kwanza, ili apelekwe kwenye picha ya ultrasaundi iangaliwe kondo limekaa wapi. Hatari huzidi kila anapopasuliwa tena.

Kazi ikiachwa nusu

Linalotokea mara nyingi zaidi ni kinyume cha hilo. Seli huhama kwa uvivu, hazifiki mbali, na mishipa ya mama hubaki na misuli yake. Mwezi wa tatu na wa nne mama hahisi kitu, kwa kuwa mtoto bado ni mdogo na mahitaji yake ni machache. Baadaye mtoto hukua na kudai chakula na hewa zaidi ya inavyoweza kupita kwenye mishipa ile myembamba. Kondo linakosa pumzi. Kisha huanza kumwaga protini zake katika damu ya mama. Mmojawapo uitwao sFlt-1 ulielezwa mwaka wa 2003 na kundi la Ananth Karumanchi huko Boston, Marekani. Protini hiyo huharibu ngozi laini ya ndani ya mishipa mwili mzima. Ndipo shinikizo la damu hupanda, figo huvujisha protini kwenye mkojo na ubongo hufura. Mwisho wake ni kifafa cha mimba, ambacho kwa miaka mingi watu wamekihusisha na mapepo au kurogwa.

Chukua mfano wa msichana wa miaka 19 aliyeolewa mwaka jana, na hii ni mimba yake ya kwanza. Hajafika kliniki kwa sababu haumwi na kitu. Amefikisha miezi minane.

"Mama, kichwa kinanigonga tangu jana," anamwambia mama mkwe wake. "Hata pete haiingii kidoleni."

"Mwanangu, mimba ndivyo ilivyo," anajibiwa. "Hata mimi nilipokuwa nimembeba mumeo nilivimba hivi hivi. Lala kidogo."

Mama mkwe hana nia mbaya. Lakini maneno yake ya faraja ndiyo yanayofaa kumshtua muuguzi, kama angalikuwapo. Tulisema nusu ya urithi wa kondo hutoka kwa baba. Mwaka wa 2001 utafiti uliofanywa katika jimbo la Utah, Marekani, ulionyesha kwamba mwanamume ambaye mama yake aliugua ugonjwa huu akiwa na mimba yake, mke wake naye huwa katika hatari zaidi ya kuugua. Kwa hivyo muuguzi akiuliza habari za mama yako na dada zako, mweleze pia za mama mkwe.

Walio katika hatari zaidi ni wenye mimba ya kwanza, waliowahi kuugua katika mimba iliyotangulia, wenye mapacha, na wenye kisukari, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu tangu zamani. Kwa wale ambao hatari yao ni kubwa, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiasi kidogo cha aspirini, miligramu 75 kwa siku, kianzwe kabla ya wiki ya 20. Msomaji anaona sasa kwa nini imetajwa wiki ya 20 na si ya 30. Dawa hii haimezwi kwa kushauriwa na jirani. Huandikwa na daktari au mhudumu wa kliniki baada ya kumpima mama. Mahali ambapo chakula cha watu kina upungufu wa kalisiamu, shirika hilo linashauri waja wazito waongezewe pia madini hayo.

Mama aliyechelewa asikate tamaa akaona hakuna haja ya kwenda. Kifaa cha kupimia shinikizo la damu kipo hata kwenye zahanati ndogo, na kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 si cha kupuuzwa. Kichwa kinachogonga bila kutulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, au mtoto kupunguza kucheza, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Huko kuna sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba sindano hiyo hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini haiponyi chanzo cha ugonjwa. Chanzo ni kondo, na huondoka kwa kujifungua. Ndiyo maana madaktari wakati mwingine huamua mtoto atolewe kabla ya siku zake.

Malaria hujificha humo

Wasomaji wetu wa Nyanza, Magharibi na Pwani wana sababu nyingine ya kuujua utando wa kondo. Mtu mzima aliyekulia penye mbu wengi huwa amejenga kinga, na anaweza kukaa miaka bila kulazwa na malaria. Akishika mimba ya kwanza kinga hiyo humwangusha. Mwaka wa 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakitumia kondo za akina mama waliojifungua magharibi mwa Kenya, walieleza sababu yake. Chembe nyekundu za damu zilizobeba vijidudu vya malaria hunata kwenye kitu kinachopatikana juu ya ule utando ulioungana, kiitwacho kondroitini salfeti A. Kabla ya mimba mwanamke hana kondo, na kwa hivyo mwili wake haujawahi kupigana na vijidudu vya namna hiyo. Katika mimba ya pili na ya tatu mwili huwa umejifunza, na madhara hupungua.

Ubaya ni kwamba vijidudu vinaweza kujazana kwenye kondo ilhali damu ya kidoleni haionyeshi kitu na mama hana homa. Yeye hupungukiwa na damu, na mtoto huzaliwa mwepesi. Ndiyo sababu katika maeneo yenye malaria nyingi waja wazito hupewa vidonge vya SP kuanzia mwezi wa nne hata kama hawaumwi, angalau mara tatu, kila mara ikiachana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Mama anayetumia dawa ya kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi SP, kwa kuwa dawa hizo mbili hazichanganywi. Amwambie mhudumu mapema. Chandarua ni cha wote.

Miezi ya mwisho

Kuanzia mwezi wa sita kondo halina tena haja ya kupenya popote. Haja yake sasa ni kupitisha vitu haraka. Vijitawi huota vingine vidogo zaidi, na utando ulioungana huzidi kuwa mwembamba. Vishipa vya damu ya mtoto vilivyokuwa katikati ya kijitawi husogea ukingoni hadi karibu kuugusa. Mimba ikikomaa, kati ya damu ya mama na ya mtoto hubaki sehemu chache tu za elfu moja za milimita. Eneo lote la utando huo, kama lingetandazwa chini, lingefika mita 12 hivi za mraba, sawa na chumba cha kulala cha kiasi, ijapokuwa kondo lenyewe lina uzito wa karibu nusu kilo tu.

Katika kipindi hiki utando huchukua kingamwili kutoka kwa mama na kuzivusha. Kazi hii huanza mwezi wa nne, lakini nyingi huvuka katika wiki za mwisho, hata mtoto aliyetimiza miezi akazaliwa na nyingi sawa na za mama yake au kumzidi. Sindano ya pepopunda anayodungwa mama kliniki humfikia mtoto kwa njia hii. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huwa amekatiwa akiba hiyo njiani, na ndiyo sababu huambukizwa magonjwa kwa urahisi. Pombe na sumu ya sigara nazo huvuka, na hazingoji miezi ya mwisho.

Homoni za kondo huongezeka kadiri linavyokua, na baadhi yake huuzuia mwili wa mama kuitumia sukari vizuri ili mtoto apate sehemu kubwa. Kwa wanawake wengine hilo hupita kiasi wakapata kisukari cha mimba. Kwa kawaida hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Hatimaye seli huchoka. Viini vya utando vilivyozeeka hukusanyika mafundomafundo, na vipande vyake hubanduka na kuingia katika damu ya mama. Georg Schmorl, daktari wa Ujerumani, aliviona mwaka wa 1893 katika mapafu ya wanawake waliouawa na kifafa cha mimba. Leo tunajua kwamba hupatikana hata kwa mama mwenye afya. Mwaka wa 1997 Dennis Lo na wenzake huko Oxford, Uingereza, walipata DNA ya mtoto ikielea katika damu ya mama, na baadaye ikajulikana kwamba nyingi hutoka kwenye utando wa kondo. Vipimo vya siku hizi vya kuchunguza kasoro fulani za urithi kwa damu ya mama pekee vinategemea takataka hizo.

Kwenye sinia ya mkunga

Kwa hiyo mkunga ana la kutafuta. Sindano ya oksitosini ambayo mama hudungwa mtoto akishatoka hulisaidia kondo kubanduka na kuzuia damu kumwagika. Likiwa mbele yake, huangalia kama vipande vyote vipo, maana kipande kilichobaki ndani huuzuia mji wa mimba kujikaza na damu huendelea kutoka. Huangalia kama ni dogo kuliko kawaida, kama kuna sehemu zilizokauka na kuwa nyeupe kwa kukosa damu, na kama kuna damu iliyoganda nyuma yake. Mama ana haki ya kuuliza ameona nini. Akiambiwa kondo lilikuwa dogo au lenye makovu, alikumbuke hilo, na mimba ijayo akamweleze muuguzi kabla ya mwezi wa tatu kwisha.

Familia inaweza kupewa kondo lake ikalizike inavyotaka. Lakini protini lililomwaga katika damu ya mama haziishi papo hapo. Shinikizo la damu linaweza kupanda siku kadhaa baada ya kujifungua, hata kwa mama ambaye vipimo vyake vilikuwa vizuri wakati wa mimba, na kifafa kikamkuta nyumbani akiwa ananyonyesha. Apimwe kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, apimwe tena katika wiki ya kwanza, na kichwa kikianza kumgonga siku ya tatu arudishwe siku hiyo hiyo, hata kama wageni bado wamejaa sebuleni wakinywa uji wa mzazi.